Alama Ndani ya Saa ya Mukalay

Beya Muamba hakuwahi kufunga saa ya mtu bila kuacha alama yake ndani. Ni desturi ya mafundi wa saa, na wateja wengi hawaijui, maana mtu haoni ndani ya saa yake zaidi ya anavyoona ndani ya tumbo lake. Fundi akimaliza kazi, kabla hajarudisha mfuniko wa nyuma, huchukua sindano na kukwaruza upande wa ndani herufi ya jina lake na mwaka. Mwenye saa ataivaa maisha yake yote asijue kwamba amebeba jina la mtu mwingine mkononi. Fundi mwingine atakayeifungua ndiye atakayesoma.

Saa aliyoipenda kuliko zote haikuwa yake. Ilikuwa ya Séraphin Mukalay, jirani yake wa mtaa wa tatu huko Manika, mjini Kolwezi, karani mstaafu wa mgodini, mtu wa Katanga ya kaskazini, mrefu, mkimya, anayepiga pasi hata leso. Ilikuwa saa ya dhahabu, nyembamba, ya kuvaliwa na suti. Uso wake haukuwa wa bati wala wa rangi. Ulikuwa kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani ambalo Kolwezi nzima inalikanyaga, lakini hiki kilikuwa kimekatwa chembamba kama ukucha na kung'arishwa mpaka mistari yake ikaonekana ikizunguka, kijani cha giza ndani ya kijani cha mwanga. Hakikuwa na namba hata moja. Kulikuwa na mishale miwili ya dhahabu, na juu yake jina la waliotengeneza, kwa herufi ndogo ambazo Beya pekee aliweza kuzisoma, kwa lensi.

Mukalay aliipata kwa Mgiriki mmoja muuza samaki, mwaka ule maduka ya wageni yalipochukuliwa na Mgiriki akawa anafunga mizigo. Alimpa pikipiki yake, akachukua saa. Watu walimcheka mwaka mzima. Mtu anatoa pikipiki apewe saa, sasa atafika nayo wapi? Mukalay aliwajibu kwamba atafika misani kabla yao.

"Ona mambo," Beya alimwambia siku ya kwanza alipoifungua. "Hii jiwe ilitokaka hapa kwetu. Ikaenda Ulaya mu mufuko, sasa inarudia na inavaa dhahabu. Inatembea kupita shi bote."

"Kupita weye," Mukalay alisema. "Mi nilifikaka hata Likasi, siku moja ya treni."

Kila miaka minne au mitano saa ilirudi kwenye kibanda cha Beya karibu na soko, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikatiwa mafuta. Ndani ya mfuniko wake mistari ikaongezeka: B 75, B 79, B 84, B 88.

Beya mwenyewe alizaliwa kambi ya Musonoi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai na treni, kijana mwenye blanketi moja, kufanya kazi ya mgodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule mzee alipewa sululu siku ile ile aliposhuka, akaishika miaka ishirini na saba, akazikwa hapo hapo Kolwezi, na bado wanawe wakaitwa wageni. Beya hakuufuata mgodi. Frère mmoja, bruda wa misheni, aliyekuwa akitengeneza saa ya kanisa aliona kwamba vidole vyake havitetemeki, akamfundisha. Kasai alikuwa amefika mara moja tu, kwenye msiba. Kiluba chake cha huko kilikuwa cha kuimbia na kulilia, hakikutosha kununulia chumvi.

Mke wake, Kapinga, alimwoa mwaka wa hamsini na tisa. Alikuwa mwimbaji wa korasi ya parokia, sauti ya pili, mwanamke wa vicheko vya karibu. Walipata mtoto mmoja aliyeishi, Elise, akaolewa mbali, Kinshasa. Ndiyo maana wao kwa wao waliitana Tata Elise na Mama Elise. Fahari ya Kapinga ilikuwa sinia ya shaba aliyopewa siku ya harusi. Kila Jumamosi aliisugua kwa ndimu na majivu hadi ungeweza kunyolea ndevu ndani yake.

Mwezi wa pili wa mwaka tisini na tatu, Mukalay alileta saa tena. Ilikuwa inachelewa, na kioo kilikuwa na ufa. Alitaka kuivaa Pasaka.

"Itakuwa tayari," Beya alisema, kwa sababu ndivyo alivyosema siku zote, na siku zote ikawa kweli.

Lakini maneno yalikuwa yameshaanza juu, kwa wakubwa, na yalikuwa yakishuka. Walisema watu wa Kasai wamejaa kazini, wamejaa sokoni, ni wezi, ni bilulu, yaani wadudu, na mdudu hutolewa nyumbani kwa ufagio. Mwezi wa tatu vijana walianza kupita mitaani na fimbo. Walichora milango kwa chaki. Kibanda cha Beya kilivunjwa mchana kweupe, watu wakitazama. Alifaulu kuokoa kisanduku cha vyombo na saa tano za watu, akazihamishia nyumbani. Nne alizirudisha kwa siku mbili. Ya tano ilikuwa ya Mukalay, na ilikuwa imefunguka yote juu ya kitambaa, mashine huku, mishale kule, uso wa jiwe peke yake bila kioo.

Mukalay hakuja kuiulizia. Ilisemekana wanawe wawili wameonekana katika wale wenye fimbo. Mtu ambaye wanawe wana fimbo atapita wapi aende kumsalimu Mkasai? Beya alimwelewa, na kumwelewa hakukumpunguzia uchungu.

Parokiani walikuwa wakiandika majina ya watakaopanda treni ya kwanza ya kuwapeleka Kasai. Majina ya Beya na mkewe yalikuwa katika orodha ya Alhamisi.

"Mi siende na saa ya muntu," Beya alimwambia Kapinga. "Banasema tuko bezi. Nikienda na dhahabu ya Mukalay, kesho neno yabo itakuwa ya kweli. Nitamurudishia mu mukono yake mbele ya kupanda treni."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Nyumba ilikuwa imeshapotea, kibanda kimepotea. Alitaka kuondoka Kolwezi bila kitu cha mtu mfukoni.

Jumatatu asubuhi alikwenda parokiani kuthibitisha majina. Kapinga alibaki akifunga mizigo. Alipofika kwenye kile kitambaa aliuona uso wa saa, akaona una ukungu juu, mafuta ya zamani na vumbi la gundi. Akafikiri: saa hii itarudishwa na mume wangu kwa heshima, siku mbaya kama hizi, basi irudi inang'aa. Na katika mji wa shaba kila mwanamke anajua dawa. Shaba ikipatwa na ukungu, ukate ndimu, uchovye majivu, usugue. Mama yake alimfundisha hivyo, na malakiti si ndugu wa shaba? Alizungushia kitambaa kidole kimoja, akasugua taratibu.

Malakiti ni ndugu wa shaba kweli, lakini ndimu inaila. Beya alilijua hilo tangu ujana, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliporudi alimkuta mkewe amesimama kando ya meza na tabasamu la mtu aliyetayarisha zawadi.

"Ilikuwa na ukungu," alisema. "Niliisugua kiloko, sawa sinia yangu. Haiyakauka. Ikikauka itang'aa."

Beya aliweka lensi jichoni. Jiwe lilikuwa limepauka kama jani lililonyeshewa chokaa. Mistari ilikuwa imepotea. Herufi za dhahabu za jina la waliotengeneza zilikuwa zimebanduka, zimeondoka na majivu. Wiki tatu za fimbo, za chaki, za kibanda kilichovunjwa, zote zikatafuta mlango wa kutokea, zikaupata.

"Ni juu ya bantu sawa weye," alimwambia mke wake, "njo banatuita bilulu."

Kapinga alikunja kile kitambaa cha ndimu mara mbili, mara nne, akakiweka mfukoni mwa aproni. Kisha akasema, "Sawa," akarudi kwenye mizigo.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinatoka damu, unakifunga, kinapona. Beya alijua papo hapo alichokifanya. Neno ambalo wale vijana walilipiga kelele barabarani, yeye ameliingiza ndani na kumpa mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na minne. Angeweza kugeuka dakika ile ile. Lakini alikuwa na hasira bado, na alikuwa na kazi, na fundi akiwa na kazi hupata pa kuficha uso. Akainama juu ya jiwe.

"Treni ya Alhamisi ipite," alisema bila kumtazama. "Ya pili inakuya nyuma ya siku tatu. Sitamurudishia saa ya namna hii."

Alisugua siku nne. Dawa ya meno, kipande cha ngozi ya kiatu, mwisho nta ya mshumaa. Ilikuwa kazi ya ncha ya kidole tu, maana jiwe lile lingepasuka ukilikandamiza kwa dole gumba. Alhamisi waliisikia treni ikipiga honi, ndefu, kisha ikanyamaza. Kapinga, aliyekuwa amekaa juu ya furushi, alilifungua tena akatoa sufuria apike. Tangu Jumatatu alikuwa akisema yale tu yaliyohitajika: maji yako hapa, chakula kiko tayari. Ijumaa jioni mistari ilirudi, kijani ndani ya kijani. Jina halikurudi. Beya alirudisha mishale, akapachika kioo kipya, akafunga mfuniko. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukwaruza alama. Alijiambia ataikwaruza akishaiona mkononi mwa mwenyewe.

Jumamosi aliifunga saa katika leso, akaitia ndani ya soksi, akaenda. Ni mitaa mitatu. Mtaa wa pili palikuwa na pipa limelazwa barabarani na vijana kumi au zaidi. Mmoja wao, mwana mkubwa wa Mukalay, alimtambua, akamsogelea haraka kabla ya wenzake.

"Tata Beya, rudia," alisema kwa sauti ya chini. "Bakikupiga, mi sitaweza kintu."

Angempa yeye ile saa? Mbele ya wenzake wenye fimbo, dhahabu isingefika hata kona. Beya alirudi. Kesho yake asubuhi vijana walikuja wakawatoa nyumbani, na walitoka na mafurushi mawili, kisanduku cha vyombo, na mkebe wa unga. Sinia ya shaba ilibaki ukutani.

Njiani Kapinga alinyoosha mkono. "Lete ile saa." Akaifunga katika plastiki, akaizika chini kabisa ya unga, akajitwika mkebe. Kwenye lango la stesheni watu walikuwa wanapekuliwa. Kijana mmoja aliugonga mkebe kwa fimbo.

"Kilulu, unabeba nini?"

"Unga ya bukari ya kesho," Kapinga alisema, na akapita wima, kama anayekwenda kuimba.

Beya alikuwa nyuma yake. Aliposikia lile neno likisemwa na yule kijana, aliisikia sauti yake mwenyewe.

Treni ya pili ilikuwa ije baada ya siku tatu. Ilikuja baada ya wiki kumi. Nani aelezee wiki kumi za stesheni ya Kolwezi mwaka ule? Maelfu ya watu juu ya reli na chini ya plastiki, mvua ya mwisho wa masika ikipiga, bomba moja la maji, surua, kuhara, na kila asubuhi watu wanne wanaoshika blanketi pembe nne. Beya alitandika kitambaa chake, akapanga vyombo, akatengeneza saa. Wateja walikuwepo. Watu wasio na pa kwenda walitaka kujua ni saa ngapi.

Kila siku alijiambia, leo nitamwomba msamaha Mama Elise. Alikuwa ameyaandaa maneno, machache, mazuri. Lakini pale hapakuwa na ukuta, majirani walikuwa wamelala kiwiko kwa kiwiko, na Kapinga alikuwa ameanza kuzungumza kidogo, hata kumcheka alipotumbukiza sindano kwenye uji. Beya akaona neno labda limesahauliwa. Kwa nini alifukue? Akaahirisha. Mwanamume hodari wa kuahirisha ni yule anayetengeneza saa za wengine.

Wiki ya tisa, siku ya Jumanne, Kapinga alianza kuhara. Alhamisi macho yake yalikuwa yamezama.

"Saa ya Mukalay iko chini ya unga," alisema. "Uipanguse mbele ya kumurudishia."

"Mama Elise," Beya alianza. "Ile siku ya ndimu..."

"Leta mayi kwanza. Kiu inaniua."

Akachukua galoni akakimbia. Msururu wa bombani ulikuwa mrefu, aliomba, alisukuma, alitukanwa, akapata. Aliporudi, jirani yao mama Tshilombo alikuwa amekwisha kumfunga Kapinga kidevu kwa kitambaa. Kilikuwa kile kile cha aproni, alichosugulia saa kwa ndimu. Beya alisimama na galoni imejaa, akitafuta pa kuiweka.

Walimzika pembeni ya reli, mbele ya nguzo ya mwisho, pamoja na wengine watano wa siku ile. Hapakuwa na msalaba. Kila ubao uliopatikana stesheni ulikuwa umeshakuwa kuni.

Siku ya tisa baada ya mazishi, ilipotangazwa kwamba treni imefika Tenke na kesho itakuwa Kolwezi, Mukalay alikuja. Alikuja mchana, amevaa suti, pamoja na mkewe Adolphine aliyejitwika mfuko wa unga na samaki wakavu. Alikuwa amezeeka. Alikaa chini juu ya kokoto na suruali yake ya pasi.

"Nilisikia ya Mama Elise," alisema. "Juma inapita. Miguu ilikatala kukuya."

"Juu ya nini?"

"Haya ilinishika, Beya. Na mbele ya haya, woga. Ni batoto bangu bale."

Beya alitia mkono katika mkebe, akatoa plastiki, akapangusa saa kwa shati kama alivyoagizwa, akamwekea mkononi. Mukalay aliitazama sana.

"Jina iko wapi?"

Beya akamweleza yote, ukungu, ndimu, majivu, siku nne za kusugua, treni iliyopita. Alipofika kwenye ndimu, Adolphine alipiga kofi la mshangao.

"Mi pia nilifanyaka vile! Ku cendrier yetu ya malakiti, ya majivu ya sigara, ile ya salon. Nikasugua na ndimu, ikakufa yote. Séraphin alichekaka juma muzima."

Hakukusudia ubaya. Alikusudia kumfariji. Beya aliinamisha kichwa.

"Mi sikucheka," alisema. "Nilimuita kilulu. Mi, bwana yake. Na alikufa na ile neno."

Mukalay, ambaye wanawe walilipiga kelele neno lile miezi mitatu naye akafunga dirisha, alilia bila leso. Baadaye aliirudisha saa.

"Bakia nayo, ndugu yangu. Kule utaanzia wapi?"

"Hapana. Leta kwanza."

Beya alifungua kisanduku, akaondoa mfuniko wa nyuma, akaweka lensi. B 75, B 79, B 84, B 88. Chini yake palikuwa na nafasi. Vidole ambavyo Frère alivisifu vilikuwa vinatetemeka, akangoja hadi vikatulia. Kisha akakwaruza, taratibu, herufi moja na mwaka. Akampa Mukalay lensi aangalie. Kwa Mukalay, aliyeivaa saa ile miaka kumi na tisa, ilikuwa mara yake ya kwanza kuona ndani.

"K," alisema.

"Yeye njo alifanyaka kazi ya mwisho," Beya alisema. "Kule ku reli hakuna musalaba, na mi ninaenda. Hii ni dhahabu, haiozi. Ukiivaa ku misa, utakuwa unamupeleka. Alipendaka kuimba kule."

Mukalay alifunga mkanda wa saa, akashusha mkono wa shati juu yake, akashika kifundo kile kwa mkono mwingine, na hakukiachia mpaka walipoondoka.

Treni iliondoka kesho yake, mabehewa ya wazi, watu wamesimama. Beya alijisukuma hadi ukingoni, upande ule. Walipopita nguzo ya mwisho alinyoosha shingo kulitafuta kaburi la mkewe. Makaburi yalikuwa yameongezeka mno kwa siku kumi, na yote yalikuwa ya udongo mwekundu ule ule, na hakulijua ni lipi.